Mzee Halali Chini

Kamati ya Nyumba ya Wazee, kwa kuzingatia heshima inayostahili umri, na kwa kuzingatia kwamba taifa zima linainuka, iliamua mwezi Januari 2004 kwamba kuanzia tarehe hiyo hakuna mzee atakayelala chini, wala hakuna atakayeanguka chini. Uamuzi ulipigwa muhuri na kubandikwa mlangoni, juu kabisa, mahali ambapo wazee wenyewe, kwa migongo ile, wasingeweza kuusoma.

Mukandori hakujua kusoma, kwa hiyo hakukosa kitu. Alizaliwa Gikundamvura, akakimbilia Bukavu, ng'ambo ya mpaka, mwaka 1959 na kibuyu cha maziwa, akakaa huko miaka thelathini na saba. Alizaa, akazika, akazoea. Kisha vita vya 1996 vikamkumbusha kwamba ana kwao.

Mumewe, mwalimu Nzabonimana, alikuwa mtu wa kanuni. Risasi zilipoanza kutoboa mbao za nyumba yao kule Kadutu, mtaa wa Bukavu, Mukandori aliteleza kutoka kitandani, akalala sakafuni, akawa anamvuta mume mguu. Mwalimu alisema kitanda kimetengenezwa ili mtu alale juu yake. Walimkuta juu yake.

Tangu siku hiyo mwili wa Mukandori haukuhitaji ushauri. Ngurumo ya mvua, baruti ya machimbo ya mawe, mlango wa bati uliopigwa na upepo: kitu kikilia paa, yeye tayari yuko chini, kifudifudi, viganja kisogoni. Katika chumba alichopanga binti yake Béata pale Gihundwe, upande wa kwao, jambo hilo halikumdhuru mtu, kwa sababu godoro lilikuwa chini, juu ya mkeka. Lakini Béata alivuka mpaka kila asubuhi na beseni la nyanya kwenda kuuza Bukavu, na mama, ambaye miguu ilishaanza kumgomea, hangeweza kubaki peke yake. Nafasi katika Nyumba ya Wazee, huko juu Nyakarenzo, ilipatikana baada ya miezi kumi na minne na barua mbili za padri. Béata alishukuru sana. Watu walimwambia amebahatika.

Vitanda vya Nyumba vilikuwa vya chuma, msaada kutoka nchi ambayo, kwa kuangalia kimo cha vitanda hivyo, watu wake ni warefu. Chini ya kila mguu yaliwekwa matofali mawili, ili wanawake wanaoosha sakafu wasukume maji bila kuinama. Mwezi wake wa kwanza pale Mukandori alishuka mara mbili. Alivimba uso, akavunjika kidole. Kwenye daftari waliandika kwamba ameanguka.

Béata alikwenda kwa msimamizi, Muhigirwa, mtu mpole aliyevaa koti hata jua likiwaka. Akamweleza habari za Kadutu, za mwalimu, za mbao. Msimamizi alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo ni lazima tulisifu.

"Maman haanguki, Papa," Béata akamaliza. "Anashukaka mwenyewe. Mumuwekee tu godoro chini."

"Chini? Wageni bakikuja bakute mama ya muntu chini kama mbuzi?"

"Mbuzi haivunjikake kidole."

Muhigirwa alimwonyesha tangazo. Akasema kwamba heshima ya mzee si mali ya mtoto wake, kwamba kamati imeshalifikiria jambo hili, na kwamba dawa ipo. Dawa ilikuwa ubao. Seremala Dominique aliitwa apige mbao za mkaratusi pande zote mbili za kitanda, kimo cha mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Alizipiga randa vizuri, akazungusha pembe ili zisimkwaruze mzee. Alipomaliza akasimama kidogo, akamwambia Béata kwa sauti ya chini:

"Dada, mimi nimefanya kazi yangu. Lakini huyu mama atapanda."

Béata alifanya alichoweza. Kila Jumapili baada ya misa alikuja na uji wa mtama, akamlisha mama, kisha akainua kitanda mguu mmoja mmoja na kutoa matofali. Kila Jumanne wanawake wa usafi waliyarudisha. Hawakuwahi kugombana, wala kulizungumzia. Walikuwa na sakafu ya kuosha, yeye alikuwa na mama.

Mwisho wa Mei mapigano yalianza Bukavu. Ilikuwa mchana, wazee wameshakula maharage na kulazwa wapumzike. Mlio wa kwanza ulivuka maji ya mpakani, ukapanda kilima, ukafika chumbani. Mukandori, ambaye siku hizo hakuweza kushika kijiko, alipanda ubao. Alianguka kutoka juu ya ubao, uliokuwa juu ya kitanda, kilichokuwa juu ya matofali. Nyonga ilivunjika. Ilikuwa Jumatano, na matofali yalikuwa mahali pake.

Béata alikuwa ng'ambo na beseni lake. Alilala siku mbili sakafuni kwa rafiki yake Bernadette kule Kadutu, kifudifudi, ndipo akapata njia ya kuvuka.

Alipofika, Muhigirwa alimpokea kwa pole za kweli. Kwenye daftari, alieleza, hawakuandika kuanguka, kwa kuwa ubao haukuvunjika na mzee aliupanda kwa hiari yake. Kuhusu mahali pa kumlaza kulikuwa na ugumu kidogo: kila walipomwinua kumrudisha kitandani alipiga kelele, na daktari alikataza asiinuliwe tena. Kwa hiyo, kwa muda tu, walikuwa wamemwekea godoro chini. Wageni wakija, mlango utafungwa.

Alilala pale siku kumi na tisa, mpaka alipofariki. Katika siku saba kati ya hizo mizinga ilisikika vizuri sana. Hakuanguka.