Vidole vya Fuko

Mume wangu kazini wanamwita Fuko, kama yule mnyama mchimba ardhi, kwa sababu ukimtafuta humkuti ofisini, utamkuta shimoni. Ni mhadhiri wa chuo, na somo lake ni udongo. Anaulowesha kidogo, anaukanda kama unga, kisha anausukuma kwa kidole gumba mpaka utoke utepe. Utepe ukikatika upesi, kuna mchanga mwingi; ukirefuka, huo ni udongo wa mfinyanzi. Kazi hiyo ameifanya tangu kabla hatujaoana, na mimi nilimkubali na kucha zake vilevile zilivyo.

Basi chuo chake kikaingia ushirikiano wa utafiti na chuo kimoja cha ng'ambo. Wao wana maabara, sisi tuna mashimo. Ndani ya makubaliano hayo mlikuwa na nafasi moja ya kusomea uzamivu huko kwao, na profesa wa huko akamchagua Fuko. Umri ulikuwa unamkimbia. Mwaka unaofuata asingeruhusiwa hata kuomba. Ilikuwa hiyo au basi tena, na nyumba nzima tulijua.

Vyeti vyote vilikuwa sawa. Kilichotushinda ni vidole. Kituo cha viza wana mashine ya kuchukua alama. Fuko akaweka mkono, mashine ikakataa. Akajipangusa, ikakataa tena. Dada wa dirishani akamwambia, "Mzee, vidole vyako havina mistari. Unafanya kazi gani, ujenzi?"

"Mimi ni mhadhiri."

Dada akamtazama usoni, akavitazama vidole, akampangia tarehe nyingine. Akamshauri apumzishe mikono, apake mafuta, asiguse kitu chochote cha kukwaruza, huenda mistari ikarudi. Ikishindikana mara ya pili, ombi linafungwa.

Apumzishe mikono. Jamani, anayesema hivyo hajaishi na Fuko. Alijipaka mafuta, akavaa glavu, akawa anazunguka humu ndani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Anakaa, ananyanyuka, anakwenda mlangoni, anarudi. Mimi ni fundi cherehani na kazi yangu naifanyia sebuleni, basi kila nikiinua macho namwona kanisimamia, anaangalia sindano inavyopanda na kushuka. Akatangaza kwamba vyombo haoshi, sabuni inakula ngozi. Nikamuuliza, "Mwenzangu, hivyo vyombo ulianza lini kuviosha hata leo uviache?" Akacheka, lakini kicheko chenyewe hakikufika mbali. Binti yetu ndiye aliyekuwa anamfunga vifungo vya shati asubuhi.

Ndipo profesa akaandika. Sampuli zote za udongo za msimu huo zipimwe kabla Fuko hajasafiri, la sivyo mradi hautampokea. Yaani kituo cha viza wanasema usiguse udongo, na profesa anasema bila udongo usije. Hapo nikachemka.

"Mwandikie, mweleze hali ilivyo."

"Nimemweleza. Anasema mambo ya viza si idara yake."

Wanafunzi wake walikuwa likizo, hakukuwa na wa kumwachia. Vifuko vya udongo vikaletwa nyumbani, vikajaa chini ya meza yangu ya kukatia nguo. Fuko alikuwa anavitazama kama mtu aliyeacha sigara anavyotazama pakiti ya mwenzake. Nikasukuma vitambaa pembeni nikamwambia, "Nifundishe. Mimi vidole ninavyo."

Nilijifunza, ila tusidanganyane, sikuwa yeye. Mimi nakanda, yeye kasimama begani kwangu, mikono nyuma.

"Unakwaruza au unateleza?"

"Unakwaruza."

"Sana au kidogo?"

"Kiasi."

"Kiasi si jibu, mama."

"Baba, mimi nimezoeana na pamba na hariri. Huu udongo tumejuana jana."

Tukaenda hivyo, kwa kununiana na kucheka, mpaka zikabaki siku chache kabla ya kurudi kituoni. Siku moja nikafungua kifuko, nikakanda, nikasema ni mfinyanzi. Fuko akasema shimo ulikotoka udongo huo halina mfinyanzi. Nikamwambia vidole vyangu vinasema upo. Akatembea mpaka jikoni, akarudi, akatembea tena. Akasema tukikosea hapo, wakulima wa eneo lile wataambiwa wapande kitu kitakachowafia shambani. Akaanza kuvua glavu.

"Usithubutu," nikamwambia.

"Huu mmoja tu."

Akaukanda. Haukuwa mfinyanzi; ulikuwa unateleza lakini hauna nguvu, alisema, na aliutambua kwa mguso wa kwanza. Baada ya huo akachukua mwingine niliokwisha kuupima mimi, na mwingine, akavirudia vifuko vyote. Ningeweza kumnyang'anya. Lakini mabega yalikuwa yamemshuka, na alikuwa anaimba chini chini, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu mashine ile imkatae. Nilimkasirikia na kumhurumia kwa wakati mmoja, na maji ya kuloweshea nikamletea mwenyewe.

Kituoni nilimsindikiza. Mkono wa kushoto ukapita, nikashika kifua. Wa kulia ukagoma kwenye gumba. Dada wa dirishani alijitahidi, Mungu anamwona. Alilipangusa kwa kitambaa, akalibonyeza kwa mkono wake, akabadilisha hata mashine. Mwisho akasema, "Samahani, mzee." Nje Fuko alitembea kwa kasi hata nikashindwa kumfuata. Nililia barabarani bila kujali watu. Yeye hakulia, alikuwa anatembea tu.

Fuko akamwandikia profesa yaliyotokea, na safari hii akajibu upesi. Alisikitika sana. Nafasi amepewa kijana mmoja wa hukohuko, na Fuko tafadhali atume matokeo ya sampuli ili kijana ayafanyie kazi. Nikasema mfinyanzi hulia gaeni, wahenga hawakukosea. Nikamwambia Fuko ayafute yote, asiwaachie hata punje.

"Wakulima wamenikosea nini?" akaniuliza. "Wao nitawapelekea kesho."

Goti lake lilikuwa linatikisika mpaka mkasi wangu unalia juu ya meza. Akavuta kompyuta, akaandika, akanisomea. Matokeo yapo, lakini hayaelezeki bila kuyaona mashimo na kuzungumza na aliyeyachimba. Kijana na aje. Viza atapewa uwanja wa ndege akishashuka, ni kugongewa muhuri tu, haina usumbufu.

Akatuma. Nikamuuliza, "Na kijana asipokuja?"

"Basi na wao huko ng'ambo wasubiri," akasema.