Kumleta Mgeni Goba kwa Kiingereza cha Fomu Wani

Shemeji yangu wa Tabata, mume wa dada yangu, alisema nitafunga darasa kabla boksi la kwanza la chaki halijaisha. Jirani yangu muuza mkaa akasema mtu aliyeishia fomu tuu hapa nyumbani hawezi kuufuata ualimu ugenini akarudi nao. Wengine wakasema diploma ya Lusaka ni karatasi ya kufungia maandazi. Nawashukuru wote. Mie ukitaka nikimbie, niambie siwezi kutembea.

Niliondoka Dar nikiwa kinyozi, nikarudi nikiwa mwalimu wa Kiingereza. Hakuna aliyenisomesha. Mchana nilinyoa vichwa vya watu Lusaka, jioni nikaingia chuoni na vinywele vya wateja bado vimeganda kwenye kola. Kwa hiyo niliporudi Goba na kuwakuta watoto waliomaliza darasa la saba wakizurura, wakisubiri kwenda sekondari, nilijua la kufanya. Kila mzazi anaijua hofu ya miezi ile. Mtoto kasoma shule ya msingi yote kwa Kiswahili, halafu Januari anakutana na baiolojia, jiografia na hesabu, vyote kwa Kiingereza. Nikafungua tuisheni ya kuwaandaa, kwenye baraza la nyumba niliyopanga.

Sikuwa na kitu zaidi ya diploma niliyoitundika ukutani. Mwalimu wa madrasa aliniazima mabenchi. Kina mama wa kwaya wakaniazima viti vya plastiki. Mchonga vinyago mmoja kutoka Newala, mwenye karakana chini ya kilima, akaniazima ubao alioupaka rangi nyeusi kwa mkono wake. Sharti lao lilikuwa moja: shule zikifunguliwa, vitu virudi.

Na jamani, nilifundisha! Watu huzidharau mada za fomu wani: kutumia kamusi, kueleza unachofanya tangu unapoamka, kuitaja familia yako, kusema unachopenda na usichopenda, kumwandikia rafiki barua. Kwangu ni asali tupu. Binti mmoja mwembamba, ambaye mama yake huuza chapati, alisimama akatuambia kwa Kiingereza kwamba anapenda mvua lakini hapendi mteremko wa kwao mvua ikinyesha. Baraza zima likapiga makofi, maana hakuna kati yetu ambaye hajawahi kuanguka pale.

Tukafika kwenye mada ya kuelekeza njia. Kitabu kilikuwa na ramani ya mji wenye benki, posta, na mitaa iliyonyooka kama rula. Watoto wakaikariri vizuri mno. Jumamosi moja wazazi walikuja kusikiliza, na shemeji, ambaye mwanawe alikuwa darasani, akainuka.

"Shem, hawa umewafanya kasuku," alisema. "Wanaimba tu kulia, kushoto. Posta ya Goba iko wapi?"

"Na kasuku wako yumo humo humo," nikamjibu. Watu wakacheka.

"Basi waletee mtu. Aje asiyejua Kiswahili, ashushwe barabarani, wamfikishe hapa kwa hicho Kiingereza chako. Wakishindwa, kila mtu aondoke na mwanawe."

Wazazi wakaitikia. Watoto wakiondoka, darasa limekufa, nami narudi kwenye mashine ya kunyolea. Nikakubali papo hapo, tena kwa sauti.

Bahati humpenda anayejituma. Dereva mmoja wa malori, mteja wangu wa Lusaka, alikuwa Chang'ombe akisubiri lori lake litoke gereji. Kiswahili chake kilikuwa maneno mawili, chai na pesa. Jumamosi iliyofuata bajaji ikamshusha kwenye lami, akapiga simu. Simu ikawekwa spika, katikati ya baraza. Shemeji akakaa ubavuni kwangu kunilinda nisinong'one.

Mwanawe ndiye aliyeanza. Akampa mgeni maelekezo kama kitabu kilivyofundisha: nenda moja kwa moja, kata kushoto, halafu kulia. Kiingereza safi kabisa! Baada ya muda mgeni akasema amekwenda moja kwa moja, na sasa mbele yake kuna korongo na mbuzi.

Baraza likaangua kicheko. Mimi sikucheka. Mama mmoja alikwishaanza kuokota begi la mwanawe.

"Mwalimu, mwambie kitu," mtoto wa shemeji akaniomba.

"Shem, mdomo!" shemeji akanionya.

Ndipo yule binti mwembamba akaichukua simu. Akamuuliza mgeni swali ambalo kwenye ile sura ya kitabu halimo: unaona nini? Mgeni akasema anaona tenki la maji la bluu, na njia tatu. Binti akafumba macho. Akamwambia afuate njia yenye bomba la maji lililolala juu ya ardhi, ashuke nalo. Akisikia nyundo ikigonga mti, huyo ni mchonga vinyago, amwache mkono wa kulia apande kilima. Akisikia harufu ya chapati, huyo ni mama, amsalimie.

Alikosea hapa na pale. Lakini mgeni alikuwa akijibu kwa Kiingereza, "Ndiyo, bomba! Ndiyo, nyundo!" na kila akijibu watoto walikuwa wakiruka juu ya mabenchi. Halafu simu ikanyamaza. Tukatazama kona ya njia.

Dereva akatokea, jasho linamtiririka, chapati mkononi.

Kelele zilizopigwa siku ile zilimtoa muuza mkaa nyumbani kwake. Mama yule akalirudisha begi chini. Shemeji alinitazama, akamtazama mwanawe, akasema, "Haya, na huyu wangu mfundishe kuuliza hivyo." Wiki iliyofuata watoto wakawa wengi kuliko viti, na mimi nikamwagiza fundi mabenchi yangu mwenyewe.

Januari shule zikafunguliwa, nami nikakodi guta, nikapakia kila kitu cha watu. Mchonga vinyago alipokea ubao wake ukiwa na rangi mpya. Kina mama wa kwaya walivikuta viti vimesuguliwa hadi vinateleza. Mwisho nikafika madrasa.

"Shikamoo, ustaadhi. Nimerudisha."

"Marahaba." Akapitisha kiganja juu ya benchi. "Mbona yanang'aa?"

"Nimeyapiga vanishi."

"Basi mwakani njoo uazime tena."

"Mwakani, ustaadhi," nikamwambia, "ukipungukiwa, njoo nikuazime mie."