Sentensi Tamu ya Mshonaji

Jina lake halisi lilikuwa mlangoni kwa herufi za shaba, lakini sisi wanafunzi wake tulimwita Bi Nani, na hata wahasibu wa chuo walimwita hivyo akishawapa mgongo. Kazi yake ilikuwa kuwapokea wanafunzi wapya wa uzamivu katika sayansi za jamii na kuwafunza utafiti kabla hawajaachiwa kwenda kusumbua watu mitaani. Hayo maneno ya kusumbua watu ni yake.

Alikuwa mama mfupi, miwani imefungwa kwa kamba shingoni, na ulimi usio na likizo. Profesa akimkwepa mwanafunzi anayemsimamia, Bi Nani alivuta kiti akakaa nje ya ofisi yake na chupa ya chai, mpaka mlango ufunguliwe. Mwenzetu mmoja alipokata tamaa na kufungasha virago, Bi Nani alimfuata bwenini, akamkuta amekalia begi, akamwuliza tu, "Sura ya pili imekwamia wapi?" Mwenzetu yule leo anaitwa daktari na anajisikia kweli kweli. Lakini ukimpelekea kazi ya ovyo alikutolea uvivu mbele ya kadamnasi. Mimi nimewahi kulia chooni kwa ajili yake, na sijamsamehe sana.

Jina la Bi Nani lilitokana na mchezo wake. Kila aliyerudi na mahojiano alisoma kipande mbele yetu, jina la mhojiwa likiwa limefichwa. Akimaliza, Bi Nani alitugeukia na kuuliza, "Nani huyu?" Kama kulikuwa na hata mmoja wetu aliyeweza kukisia, kazi imeharibika, rudi ukaifiche upya.

"Kufuta jina ni mwanzo tu," alikuwa akisema. "Mtu hujulikana hata kwa kikohozi chake."

Tena siku ya kwanza alituapisha kwamba kinachosomwa chumbani mle hakitoki nje. Niliapa huku nikiwaza chakula cha mchana, na sidhani kama wenzangu walikuwa na fikra nzito kuliko zangu.

Chumba chenyewe kilikuwa ghorofa ya juu kabisa, karibu na tangi la maji, panka linalalamika, ubao mweupe umegoma kufutika. Ijumaa moja zamu ikawa ya Mwalimu. Huyu dada alikuwa amefundisha sekondari miaka mingi kabla ya kujiunga nasi, mtu wa kunyoosha kila kitu, hata foleni isiyomhusu. Utafiti wake ulihusu wanawake wanaojiandaa kuzikimbia ndoa zenye kipigo. Alikuwa amefuta jina la mhojiwa, mtaa, umri, watoto ni wangapi, hata rangi ya mlango wa duka.

Akaanza kusoma. Mhojiwa alikuwa mshonaji. Alisimulia jinsi mumewe anavyompiga, na jinsi alivyokwisha kupata chumba upande wa pili wa mji. Nguo za watoto alikuwa akizitoa nyumbani kidogo kidogo, amezichanganya na vitambaa vya wateja. Siku ya kuondoka ni Jumamosi hii, mume akishakwenda mpirani. Na mwisho kabisa alisema hivi: "Huwa namwambia usoni, naye hucheka akidhani ni mzaha. Mimi nashona, sishonwi."

Tulipiga meza kwa furaha. Sentensi ilikuwa tamu jamani, na Mwalimu alitabasamu kana kwamba kaitunga yeye.

Bi Nani hakutabasamu. "Nani huyu?"

Tukatikisa vichwa. Hatujui. Ndipo nikaona Bwana Takwimu amesimama. Huyu alikuwa jitu refu, mcheshi, ambaye hata ukimuuliza habari za nyumbani alikujibu kwa asilimia.

"Soma tena hapo mwisho," alimwambia Mwalimu.

Mwalimu akasoma. Uso wa Takwimu ukamshuka.

"Huyo ni shemeji yangu. Mke wa kaka. Nakaa kwao, na maneno hayo anayasema kila siku mezani." Akaangalia kalenda ukutani. "Jumamosi si ndiyo kesho?"

Sasa alijua, na hatukuwa na namna ya kumfanya asijue.

"Kaa chini, mwanangu," Bi Nani alisema.

"Bi, huyo ni kaka yangu, tumenyonya ziwa moja. Kesho anarudi anakuta nyumba tupu, halafu mimi nimekaa hapa nachora majedwali?"

"Uliapa."

"Niliapa juu ya watu nisiowajua!"

Kwa kweli hapo nilimwonea huruma.

"Ulijua kuwa anampiga?" Bi Nani aliuliza.

"Nilikuwa nasikia sikia. Kila nyumba ina mambo yake."

"Sikuulizi kila nyumba. Ulijua?"

Takwimu alichukua begi lake akatoka, na mlango ulivyobamizwa, karatasi za Mwalimu zikatawanyika sakafuni. Mwalimu akaanza kulia palepale.

"Niliiacha ile sentensi kwa sababu ni nzuri," alisema.

"Najua. Utalia jioni," Bi Nani alimjibu huku akivaa viatu, maana darasani alikuwa na tabia ya kuvivua. "Sasa hivi unakwenda kumwambia yule mama."

"Nimwambie nini, Bi?"

"Kwamba siri yake imetoka, kwamba umeitoa wewe, na imefika kwa nani. Akimbie au asikimbie, hilo ataamua mwenyewe."

Kupiga simu haikuwezekana. Simu ya yule mama mumewe aliipokea atakavyo, hilo lilikuwemo kwenye mahojiano. Basi nikabebeshwa usukani mimi, kwa kuwa mimi ndiye nilikuwa na gari, kama lile dude langu lilistahili kuitwa gari.

Njiani Bi Nani alimpigia Takwimu. Simu iliita bila kupokelewa. Alipopiga tena ilikuwa imezimwa. Mwalimu, macho mekundu, akatuonyesha duka la vipuri la mume wa mshonaji kando ya barabara. Limefungwa, kufuli mlangoni, na ilikuwa saa ya biashara! Niliona tumeshachelewa, nikamchukia Takwimu, nikamchukia Mwalimu, nikaichukia na ile sentensi. Bi Nani alisema tu, "Kanyaga mafuta."

Tulimkuta mshonaji yuko kwenye cherehani, futi ya kamba shingoni, anashona gauni la mteja. Mwalimu hakuzungukazunguka. Alimweleza kila kitu akiwa wima, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Mguu wa mshonaji uliendelea kukanyaga cherehani wakati wote huo, mpaka sindano ikatoka nje ya kitambaa ikawa inashona hewa.

"Shemeji yupi? Yule mrefu?"

"Huyo huyo."

Mshonaji akainuka akachungulia barabarani. Kisha akamgeukia Mwalimu. "Dada, mimi nilikuamini."

"Ndiyo," Mwalimu alisema.

Nilitegemea Bi Nani aingilie kati, aseme lolote. Aliinamisha kichwa tu, na mimi sikuwahi kumwona hivyo kabla.

Simu ikaita juu ya meza, katikati ya vifungo. Sote tukaitolea macho.

"Ni yeye, shemeji," mshonaji alinong'ona. Akaipokea, akaweka sauti kubwa ili na sisi tusikie.

"Shemeji, uko peke yako?"

"Nina wateja."

"Sikiliza. Kaka niko naye. Nimemdanganya kuwa baba mgonjwa, tuko safarini kwenda kumwona. Ameshuka kununua maji, sina muda. Usiku tutalala huko huko. Ulichotaka kufanya kesho, kifanye leo."

"Shemeji..."

"Nilikuwa nikisikia. Chumba changu kimepakana na chenu. Nilikuwa nasikia halafu naongeza sauti ya redio. Nisamehe, shemeji. Anakuja."

Simu ikakatika. Mshonaji alikaa kwenye kigoda chake, akafunika uso kwa lile gauni la mteja, mabega yakamtetemeka. Mwalimu alitaka kumshika, Bi Nani akamzuia kwa mkono.

"Watoto wako wapi, mama?" Bi Nani aliuliza baadaye, kwa sauti ya upole ambayo mimi hajawahi kunipa.

"Shuleni."

"Gari liko nje."

Tukahamisha. Cherehani niliibeba mimi, nusura inivunje kiuno. Bi Nani alibeba mafurushi huku akitugombeza kwamba tunajikokota. Watoto tuliwapitia shuleni na sare zao, wakapakatwa. Mdogo wao akawa anauliza tunakwenda wapi, na mama yake akawa anamjibu, "Nyumbani." Jua lilikuwa bado halijazama tulipomwacha chumbani kwake, mlango umefungwa kwa ndani.

Uongo wa Takwimu ulidumu mpaka walipofika na kumkuta baba yao akimwagilia mboga. Kaka mtu alipokuta nyumba tupu kesho yake, alimuuliza mdogo wake kama alijua. Takwimu alisema hakujua, na hakuaminiwa. Alihama siku hiyo hiyo na godoro lake. Miaka baadaye baba yao alipofariki kweli, hao ndugu wawili walisimama kila mmoja upande wake wa kaburi.

Wiki iliyofuata Mwalimu alisoma kipande kipya. Ile sentensi haikuwemo. Mahali pake paliandikwa kwamba mshiriki mmoja alieleza kuwa na msimamo thabiti. Maneno makavu hayo, hayana hata chumvi! Bi Nani akavua miwani, akauliza kama kawaida yake, "Nani huyu?"

Hatukuthubutu kumwangalia Takwimu. Alijibu mwenyewe.

"Simjui, Bi."

"Tuendelee," Bi Nani alisema, lakini alikaa kitambo kabla hajaivaa tena ile miwani.

Bi Nani sasa amestaafu, nami nikaona niandike haya kabla hatujamsahau. Nilipomaliza nilimpelekea kwanza Takwimu. Aliyasoma amesimama ofisini kwake, mimi nikimtazama usoni. Alipofika kwenye cherehani akacheka.

"Shemeji hajui hata kutunga uzi kwenye sindano."

"Najua," nikamwambia.

"Na haya maneno ya kushona na kushonwa si yake."

"Najua. Ya kwake nimeyaficha."

Aliyarudia kuyasoma, kisha akanirudishia karatasi zangu.

"Ya kwake," alisema, "yalikuwa matamu zaidi."