Nilikodi glasi za shampeni, mama mkwe akabeba aibu yangu

Admin, niposti bila jina, maana huku Rwezamenyo tunajuana mlango kwa mlango. Mimi ni dada wa miaka 29, nimekulia Tanzania katika familia ya Kikatoliki. Mwaka huu nimesilimu na kuolewa na kijana wa Kiislamu wa hapa Kigali. Nilisilimu kwa moyo wangu, ingawa najua wengi wanadhani nilifuata mume.

Kabla ya karamu ya harusi yetu, mama mkwe aliniachia kazi ya kutafuta glasi za juisi. Alisema zile nene za kawaida zinatosha. Mimi nikaona zitaniaibisha kwenye picha mbele ya wenzangu wa ofisini. Kule wanakokodisha vyombo nikajifanya mtaalamu: zile pana nikazikataa kwa kuwa gesi ya kinywaji hutoka haraka, nikachukua ndefu nyembamba zenye mguu. Za shampeni kabisa. Tungeweka juisi ya zabibu yenye gesi, pombe hata tone hakuna, sasa ubaya uko wapi? Dada wa pale aliniambia zimerudi jana tu kutoka harusi ya hotelini. Nikamjibu, si zimeoshwa?

Siku yenyewe baba mkwe alipoletewa yake, aliitazama bila kuigusa. Akauliza taratibu, "Hii girasi jana ilikuwa na nini ndani?"

Wazee wa msikitini wakasukuma zao katikati ya meza. Mimi niko jukwaani na shela langu, nimeganda.

Mama mkwe akasimama. "Ni mimi niliichagua. Sikujua kama iko ya pombe. Munisamehe."

Jamani, nilinyamaza. Nilikaa pale nimeshika maua nikamwacha aombe msamaha niliopaswa kuuomba mimi.

Kesho yake nilimfuata jikoni nikilia. Akaniambia, "Ihangane, vumilia mwana wangu. Weye uko mugeni kwetu. Wakikuanza leo, watasema dini yako ilikuwa ya harusi tu. Mimi wamenizoea, itapita."

Haijapita. Wanawake wenzake wa darasa la Kurani walikuwa wakikutana sebuleni kwake kila Alhamisi. Sasa wamehamia kwa jirani, eti hawaamini vyombo vyake. Alhamisi iliyopita alitandika mkeka, akachemsha chai, hakuja mtu. Tukainywa wawili, akaniuliza habari za kazini. Mume wangu anasema mambo ya wanawake yaishie kwa wanawake.

Nikisema ukweli, nitamfanya mwongo mbele ya watu wale wale aliowaomba msamaha. Nikinyamaza, anabeba mzigo usio wake. Na niwe mkweli hadi mwisho: ninachoogopa zaidi si yeye kuitwa mwongo, ni mimi kuonekana bado mtu wa nje.

Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini? Matusi nitayapokea, nimeyatafuta mwenyewe. Ila mnijibu kabla ya Alhamisi, maana asubuhi hii amenituma tena sukari ya chai ya wageni.