Nilivyokikalia cheti cha mjukuu wangu, rubani wa droni, kisivushwe Namanga na mtu mwingine

Vijana mnaosoma huku, najua mngenikuta njiani mngeniamkia. Basi marahaba, tuendelee.

Mimi ni mtu mzima, nauza mabeseni na ndoo Kariakoo, naishi mtaa wa Gerezani. Shule nilisoma kidogo. Herufi nikikosea, rukeni, msonge mbele.

Nilichokiona kwa macho nitasema nimekiona. Nilichohadithiwa nitasema nimehadithiwa. Sitaki mtu aje hapo chini aniandikie kwamba hii ni chai, yaani nimetunga.

Nina mjukuu, Zuhura, mtoto wa marehemu binti yangu. Nimemlea mwenyewe. Kazi yake ni kupiga video za harusi, na siku hizi harusi isipopigwa kutoka juu watu wanaona kama haijafungwa. Kwa hiyo ana droni.

Siku moja kaja na karatasi, meno yote nje.

"Bibi, nimesajiliwa. Mimi sasa ni rubani."

"Rubani wa nini?"

"Wa ndege isiyo na rubani."

Nikamtazama.

Jamani, redioni kila siku wanasema ndege isiyo na rubani. Sasa kama haina, huyu kaandikwa urubani wa wapi? Nikajua mtoto kapigwa. Hapa mjini vyeti vya kila kitu vinauzwa, hata vya kuzaliwa mtu ambaye hajazaliwa.

Nikamwambia, mke mwenzangu (ndivyo tunavyotaniana), kesho unanipeleka kwa hao waliokuandika. Akalalamika kwamba namwaibisha. Tukaenda.

Pale mapokezi kulikuwa na binti mmoja mpole, akanieleza vizuri. Ndani ya ile ndege kweli hamna mtu. Mtu yuko chini na kile kidude cha kuongozea, na huyo wa chini ndiye anayeandikwa, ili ikidondoka awepo wa kuulizwa.

Hilo la kuulizwa likaniingia. Nikatoka pale naelewa kitu kimoja: ndege haina rubani, lakini lawama inaye.

Basi nikanyamaza. Mtoto akaendelea na kazi zake.

Halafu akatokea yule bwana. Jina lake sitaji, nitamwita Meneja, kwa sababu ndivyo alivyopenda kuitwa. Anapiga video za mahoteli na za utalii. Kavaa vizuri, ananukia, ana simu mbili. Zote mbili akikaa anazilaza kifudifudi mezani.

Mtu anayelaza simu kifudifudi mimi namwangalia mara mbili.

Meneja kamwambia Zuhura kuna kazi ya nchi tatu: Kenya, Uganda, Rwanda. Gari moja, vijana wanne, yeye mkubwa wao. Zuhura nusura aruke ukuta. Muelewe, kwenye hiyo kazi yao wanawake ni wachache, na wakiitwa wanaitwa kushika taa. Yeye kaitwa kurusha. Mtaa mzima ukajua. Mjomba wake Idrisa, mwanangu, akawatangazia mpaka wateja wake wa spea.

Sasa sikia. Meneja akataka cheti cha Zuhura, kile chenyewe, siyo kopi. Eti akiunganishe kwenye faili la msafara.

Nikauliza, na huko Kenya wanakitambua?

Zuhura akasema Meneja kasema cha Tanzania kinatosha, nchi hizi zote ni Jumuiya moja.

Hapo ndipo nilipoanza kuwashwa mwili mzima.

Enzi za nguvu zangu nilikuwa nafuata mabeseni Mombasa. Kitambulisho changu kilinivusha mimi. Beseni hakikulivusha. Beseni lilikuwa na karatasi zake, na lisipokuwa nazo linabaki pale pale, unaliangalia. Sasa beseni, ambalo haliruki wala halipigi mtu picha, liulizwe, halafu ndege yenye kamera ipite tu kwa sababu sisi ni majirani?

Nikamwambia Zuhura lete hicho cheti nikione. Akaleta kwenye bahasha ngumu. Nikakiweka chini ya mto wa kiti changu, nikakaa.

"Bibi, unafanya nini?"

"Nimekaa."

Alasiri Meneja kaja kukifuata. Nawaandikia kama ilivyokuwa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Kaa, chai hiyo inakuja."

"Bibi sina muda, nimefuata kile cheti tu."

"Cheti kina mwenyewe, na mwenyewe anasafiri. Si waende pamoja?"

Akacheka. "Hayo mambo ya ofisi, bibi yangu. Mpakani wanapenda faili moja, mkono mmoja."

"Droni ngapi?"

"Tatu."

"Marubani?"

"Vijana wangu wote wanarusha vizuri sana, usiwe na hofu. Hata mimi mwenyewe narusha."

"Sikuuliza wanaojua. Nimeuliza walioandikwa."

Idrisa akaingilia. "Mama, unamhoji mgeni kama askari."

"Wewe nyamaza, uza shokapu zako."

Meneja akanywa maji. Nikamgeukia tena.

"Baba, nielimishe. Kijana wako karusha, imedondoka kwenye kichwa cha mtoto wa watu kule Nairobi. Watamwita nani?"

"Si watamwita yule aliyesajiliwa," akajibu haraka.

Kisha akasikia alichokisema.

Zuhura alikuwa kasimama mlangoni na sinia la chai. Akauliza taratibu, "Kwani kati yetu aliyesajiliwa ni nani?"

"Kwa sasa ni wewe tu. Lakini hayo ni mambo ya kawaida, Zu, kila mtu anafanya hivyo."

Mnaona? Droni tatu, warushaji chungu nzima, jina moja. La mtoto wangu.

Nitoke nje ya njia kidogo. Sisi wa Kariakoo mchezo huu tunaujua, tofauti ni kwamba wetu hauruki. Fremu moja ya duka, leseni moja ukutani, ndani wamebanana wafanyabiashara watatu. Wakija wakaguzi wote wanaonyesha ukutani. Jirani yangu mmoja, mama wa watu kutoka Moshi, alimwazima leseni mwanamke aliyekuwa anauza vipodozi. Vipodozi vikaonekana vibovu. Mwenye vipodozi akaingia kwenye kundi la wateja akapotea. Aliyepanda gari la polisi ni mwenye jina ukutani. Niliyaona hayo, nilikuwa nimeshika beseni mkononi.

Turudi.

Meneja akaokota simu zake, akanyanyuka. Mimi sikunyanyuka, mnajua kwa nini. Akasema mlangoni, "Zuhura, nakusubiri mpaka kesho. Nafasi hii wenzako wanaililia."

Alipoondoka mjukuu wangu akanigeukia.

"Umefurahi? Mimi nimeitafuta kazi hii muda gani?"

"Sijakukataza kwenda. Nimekataza hiki kwenda bila wewe."

"Ni kitu kimoja, Bibi!"

"Basi waulize wenyewe wa Kenya. Wewe si una intaneti."

Usiku huo alikula chumbani. Idrisa naye akaninunia, akasema nazeeka vibaya, kila mtu namwona mwizi. Kweli, naona hivyo. Nimefanya biashara barabarani, nimewaona wengi.

Lakini asubuhi niliamka nikamkuta kakaa na simu. Alikuwa kawaandikia ile mamlaka yao ya anga ya Kenya, na mwenzake mmoja wa Nairobi anayefanya kazi kama yake. Yule wa Nairobi ndiye alijibu kwanza, akafungua na kurasa za hiyo mamlaka akamtumia. Zuhura akanisomea, anageuza kwa Kiswahili.

Usajili wa kwenu unaonyesha wewe ni nani. Haukupi ruhusa ya kurusha kwao. Kwao unaomba upya, na chombo chenyewe kinaombewa kabla hakijaingia. Ukifika nacho mpakani bila hiyo ruhusa wanakizuia. Na Uganda vivyo hivyo, na Rwanda vivyo hivyo, kila mmoja na mlango wake.

Hakusema "Bibi ulikuwa sahihi." Alisema, "Sasa kwa nini yeye aseme kinatosha?"

Akampigia Meneja, akaweka sauti nje. Nilisikia mwenyewe. Akamuuliza kwa adabu kabisa, kaka, tumeomba ruhusa za hizo nchi?

Meneja akasema, "Wewe una maswali mengi. Ndiyo maana mabinti hamfiki mbali kwenye hii kazi."

Akakata. Baada ya muda akamtoa kwenye kundi lao la simu.

Zuhura alilia. Sikumbembeleza, nilimletea maji tu. Kulilia kazi iliyokwenda ni haki ya mtu.

Kuanzia hapa nimehadithiwa, na aliyenihadithia ni Baraka mwenyewe, kijana wa Buguruni, rafiki yake Zuhura wa kazi. Ndiye aliyechukua nafasi. Naye amesajiliwa kihalali. Naye aliombwa cheti chenyewe, akatoa.

Walipofika mpakani Namanga mizigo ikafunguliwa. Zikatoka droni tatu. Wakaulizwa za nani. Meneja akatoa faili, akamnyooshea Baraka kidole: "Rubani ni huyu hapa."

Baraka anasema mbili kati ya zile alikuwa hajawahi hata kuzishika.

Maofisa wa Kenya wakasoma cheti cha Tanzania, wakasema sawa, cha kwetu kiko wapi? Hakuna. Droni zikazuiwa. Faili likarudi kwa Meneja. Baraka akawekwa kwenye benchi aandike maelezo. Meneja akasema anasogea mbele kidogo kumpigia mteja.

Akasogea na gari, na faili, na cheti cha Baraka ndani yake.

Mara akaja ofisa mwingine, hakuwa na habari za mwanzo, akamwambia thibitisha kama kweli wewe umesajiliwa. Kijana hana kitu mkononi. Picha ya cheti iko kwenye simu, simu imezima. Rubani halali kabisa, kakaa pale kama mtu aliyeokotwa na vitu vya wizi.

Alirudi Dar kwa kusaidiwa nauli na watu wa pale. Mpaka naandika uzi huu cheti hajarudishiwa. Meneja akipigiwa anasema yuko kikaoni.

Baraka alinieleza haya akiwa kakaa pale pale alipokaa yule bwana. Zuhura alikuwa anasikiliza, hakuinua kichwa.

Sasa msidhani mambo yakawa mazuri. Baadaye Zuhura alipata harusi Mombasa, familia ya Kiarabu ya hapa Kariakoo, wanamwoza binti yao huko. Safari hii aliomba ruhusa mwenyewe, kwa jina lake, kwa droni yake. Majibu yakachelewa, harusi ikafika. Akaenda na kamera ya mkononi tu, droni kaiacha uvunguni kwangu. Mama wa bibi harusi alinuna mpaka mwisho, eti kwa nini hakuna picha za juu.

Zuhura anasema kununa kwa mama wa bibi harusi kunavumilika. Lakini kunamuuma, namwona. Anaomba tena, safari hii mapema.

Nilichojifunza ni hiki. Cheti chako kinakusemea wewe, kwenu. Ukivuka, uliza kwa wenye nchi yao, siyo kwa anayekupeleka. Na unapovuka kiwe mkononi mwako, siyo kwenye faili la mtu mwenye haraka. Anayekitaka sana kuliko anavyokutaka wewe, jiulize anataka kukifanyia nini.

Mliorusha hivi vidude Zambia, Malawi, Kongo, semeni mlivuka vipi, na mliulizwa nini. Zuhura anasoma komenti zenu, hata akijifanya hasomi. Na wewe unayetaka kuandika kwamba kwa connection inawezekana, andika na jina lako kamili tukujue.

Siku ile Baraka alipoondoka niliwaita wote sebuleni, Idrisa, mkewe na Zuhura. Idrisa akaanza, "Mama, tumeshaelewa."

Nikamwambia hujaelewa, kaa.

Nikawaambia: karatasi yenye jina la mtu wa nyumba hii haitoki humu kwa mkono wa mtu mwingine. Iwe cheti, iwe leseni, iwe kitambulisho. Anayeitaka aje aisome hapa, amekaa, mwenyewe akiwepo. Akimaliza aiache mezani, aondoke na mikono yake.