Kadi Mbili, Njia Moja

Kompyuta ya maabara, ile yenye prosesa mbili, imeganda tena, na fundi hana papara. Huchomoa kadi zote za ndani ya mashine, huzipuliza kama anayepoza chai, kisha huzirudisha moja moja, akiwasha na kusubiri.

"Si uzirudishe zote tu, fundi?" karani anamhimiza. Wagonjwa wanangoja majibu.

"Zikirudi pamoja, mgomvi utamjuaje?"

Hatimaye akawapata wagomvi: kadi ya sauti na ya mtandao, zote zinaziita prosesa kwa njia moja, hakuna inayosikilizwa. Akaihamisha moja kwenye tundu jingine. Mashine ikatulia.

"Ipi ilikuwa mbovu?"

"Hakuna mbovu. Zilibanana tu."

Simu ya fundi ikalia. Alisikiliza, bisibisi ikizunguka vidoleni.

"Mama, kama dada bado yupo hapo, mimi nitakuja kesho; tukiongea pamoja humsikii yeyote."