Shamba la Kuchora

Wiki hii nilikaa ofisi ya ardhi hapa Gitega, shida sina, nasikiliza ya watu. Fundi alikuwa anaonyesha skrini ya kugusa aliyowatengenezea wakimbizi waliorudi. Mama mmoja, aliyetoka Tanzania akajibanza kwa dada yake huko Muyinga, akagusa kitufe chenye picha ya shamba.

"Hili ni letu, la Bugendana! Jiwe hilo baba alinolea panga. Nyumba hiyo ya nani?"

"Mama, iko picha tu," fundi akasema. "Na ukiikuza inaharibika, inakuwa vidoti-vidoti. Mi naweka ya kuchora, ile haiharibiki hata ukiikuza namna gani."

Akaibadilisha. Jiwe likatoweka, nyumba ikatoweka, ukabaki mgomba wa kijani, safi, usio na mwenyewe.

"Voilà!" Mkuu wa ofisi akapiga makofi. Sisi majirani wa mkuu mtaani Yoba tunajua nyumba ile ni ya shemeji yake.